Alasiri ya Asali Unyanyembe: Mwongozo kwa Familia Inayotembelea Tabora

Unyanyembe ni jina la utemi wa Wanyamwezi ambao makao yake yalikuwa karibu na mahali ulipo leo mji wa Tabora, na ni hapo ambapo njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo iligawanyika katika karne ya 19, tawi moja likienda magharibi hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika na jingine likipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Nchi hiyohiyo ya misitu ndiyo inayosifika Tanzania nzima kwa asali yake, kiasi kwamba muuzaji wa Dar es Salaam au Mwanza anayetaka kuaminiwa hutaja jina la Tabora kabla ya kutaja bei. Mwongozo huu unaeleza namna familia yenye watu wa rika zote, kuanzia bibi hadi mjukuu, inavyoweza kutumia alasiri moja kwa utulivu katika eneo hilo, ikiifuata asali tangu mtini hadi kwenye kikombe.

Katika nchi zenye mashamba makubwa ya zabibu, kama vile Italia, Ufaransa na Afrika Kusini, familia huzoea kwenda kupumzika kwenye viwanda vya mvinyo, wakubwa wakionja na watoto wakicheza pembeni huku wakisubiri kurudi nyumbani. Alasiri ya asali inaweza kupangwa vizuri zaidi ya hapo, kwa sababu mtoto hana haja ya kukaa pembeni: asali huwa chakula kamili kabla haijawa kinywaji, na kinachoitenga asali anayoilamba mtoto na kileo anachokinywa babu yake ni vitu viwili tu, yaani maji na siku. Familia inayolielewa jambo hilo tangu mwanzo hupata urahisi wa kuchagua nini kitangulie, nani aonje nini, na wakati gani kila mmoja akae mbali.

Majira ya kusafiri

Msitu unaouzunguka mji wa Tabora huitwa miombo, jina lililotokana na mti wa myombo, ambao pamoja na mtundu na muba ndiyo miti inayotawala sehemu kubwa ya magharibi ya Tanzania. Miti hii haitoi maua kwa wakati mmoja. Myombo na mtundu huchanua pamoja na majani mapya kabla ya mvua, yaani kati ya Septemba na Novemba, wakati ardhi ingali kavu na msitu unageuka kuwa mwekundu kama kutu kwa majani machanga, ilhali muba huchanua mvua zinapoelekea kwisha. Nyuki hukusanya mbochi, yaani maji matamu yaliyomo ndani ya ua, kutoka katika miti yote hiyo, na hivyo mrina asali wa Tabora huwa na msimu mkubwa baada ya masika, kuanzia takriban Mei na kuendelea katika miezi ya kiangazi, na msimu mdogo mwishoni mwa mwaka.

Kwa familia yenye watoto, Juni na Julai ndiyo miezi inayofaa zaidi, kwa sababu asali mpya huwa imekwisha kufika kwenye nyumba za kuchujia, barabara za udongo hupitika bila shida, na hali ya hewa huwa ya ubaridi wa kupendeza kutokana na mji kuwa juu ya uwanda wenye mwinuko wa takriban mita 1,200. Septemba na Oktoba kuna joto kali na vumbi, ingawa anayetaka kuuona msitu ukibadili rangi hana wakati mwingine bora. Kati ya Desemba na Machi mvua hufanya baadhi ya njia za msituni zisipitike, lakini kwa upande mwingine huo ndio wakati ambapo miembe mikubwa ya mji na ya vijiji vya jirani, ambayo kilimo chake kilienezwa na wafanyabiashara wa misafara, huzaa kwa wingi.

Maandalizi kabla ya siku yenyewe

Ufugaji nyuki wa Tabora haukupangwa kwa ajili ya watalii, na kwa sababu hiyo mgeni asitarajie kukuta mapokezi, meza na orodha ya bei kila mahali. Inampasa apige simu au aende mwenyewe siku moja au mbili kabla. Milango ya kubisha ni mitatu: afisa nyuki wa halmashauri ya wilaya au manispaa, ambaye huvifahamu vikundi vya wafugaji na huweza kueleza kipi kinapokea wageni, Chuo cha Mafunzo ya Ufugaji Nyuki kilichopo mjini Tabora, ambacho hufundisha wataalamu wa fani hiyo kwa ajili ya nchi nzima, na vikundi au vyama vya ushirika vyenyewe, ambavyo vina historia ndefu katika mkoa huu.

Katika mazungumzo hayo ya awali, maswali manne yatamfaa mgeni. La kwanza ni iwapo kikundi kina nyuki wadogo, yaani wale wasiouma, kwa kuwa hao ndio wanaofaa kuonyeshwa watoto. La pili ni iwapo kuna mavazi ya kinga ya saizi ya watoto wakubwa, na jibu likiwa hapana, basi watoto wasifikishwe kwenye mizinga yenye nyuki wakubwa hata kidogo. La tatu ni umbali kutoka manzuki hadi mashamba ya tumbaku, zao kuu la biashara la mkoa. Manzuki ni mahali ilipokusanywa mizinga, na kwa kuwa nyuki huruka kilomita mbili au tatu kutafuta chakula, viuatilifu vinavyopuliziwa shambani vinaweza kuwafikia. La nne ni malipo: ni vema kiasi cha kumlipa mwenyeji kwa muda wake kikubaliwe mapema na kitajwe waziwazi, ili mwisho wa siku asiwepo anayeona haya kudai wala anayeona ameonewa.

Mavazi yawe ya rangi nyeupe, maziwa au kaki, yenye mikono mirefu, kwa sababu nyuki huchokozwa zaidi na rangi nyeusi na vitambaa vyenye manyoya, na nguo za buluu iliyokolea na nyeusi huwavuta pia mbung'o, ambao bado wapo katika misitu ya mkoa huu. Manukato na mafuta ya nywele yenye harufu kali yaachwe nyumbani. Viatu viwe vya kufunika mguu, kofia iwepo, na maji ya kunywa yawe ya kutosha. Mtoto mchanga ambaye hajatimiza mwaka mmoja anaweza kuja, lakini asionjeshwe asali hata kwa ncha ya kidole, kwa sababu asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtu mzima huzimudu lakini tumbo la mtoto wa umri huo haliwezi, zikazaa sumu inayolegeza misuli hadi ile ya kupumulia. Mila ya kumlambisha mtoto mchanga asali ni ya kale na ina nia njema, na bibi au nyanya anayeikumbuka aelezwe sababu hiyo kwa heshima kabla ya kuondoka nyumbani, wala si mbele ya wageni.

Saa nane: kivuli cha tembe la Kwihara

Jua la saa nane mchana si wakati wa kwenda kwa nyuki, ambao saa hiyo huwa wakali, na kwa hiyo inafaa alasiri ianzie mahali penye kuta nene. Kilomita chache kusini-magharibi mwa mji kuna Kwihara, mtaa uliokuwa wa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, ambako limehifadhiwa tembe alimokaa mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Tembe ni nyumba ya mstatili yenye paa la udongo lililo tambarare, vyumba vikizunguka ua wa ndani, na ujenzi huo ulifaa nchi ya joto na ya vita kwa pamoja, kwa kuwa udongo mzito huzuia joto lisiingie na nyumba isiyo na makuti haishiki moto kwa urahisi. Jengo linaloonekana leo limejengwa upya kwa kufuata umbo la kale, nalo hutumika kama makumbusho. Mgeni hulipa kiingilio, na ni vema adai stakabadhi.

Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika hapo mara ya kwanza mwezi Juni 1871 akielekea Ujiji kumtafuta Livingstone, akarudi pamoja na Livingstone tarehe 18 Februari 1872, kisha akaondoka kuelekea pwani tarehe 14 Machi. Livingstone alibaki Kwihara akisubiri wapagazi na vifaa hadi tarehe 25 Agosti mwaka huo, ndipo akaanza safari ambayo hakurudi akiwa hai. Mwezi Oktoba 1873 watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, walipita tena Unyanyembe wakiubeba mwili wake kuupeleka pwani. Watoto wanaosimuliwa habari hizi ni haki yao pia waelezwe kwamba njia hiyohiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na kwamba kwa sababu hiyo mwaka 2006 Tanzania iliiorodhesha njia ya misafara, pamoja na Kwihara, katika orodha ya awali ya maeneo inayopendekeza yawe urithi wa dunia.

Kipo kipimo kimoja kinachoweza kuiunganisha historia hiyo na asali bila maneno mengi. Mpagazi, yaani mtu aliyelipwa kubeba mizigo ya msafara, alichukua kwa kawaida frasila mbili, ambazo ni takriban kilo 32, na Wanyamwezi ndio waliojulikana kuliko wote kwa kazi hiyo. Asali ni nzito kuliko maji kwa karibu nusu, hivyo ndoo ya lita 20 iliyojaa asali, ambayo familia itaikuta saa moja baadaye kwenye nyumba ya kuchujia, ina uzito wa takriban kilo 28. Kijana wa miaka kumi na mitano akiambiwa ainyanyue ndoo hiyo hadi usawa wa goti, halafu akaambiwa kwamba kutoka hapo hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800, ataelewa neno mpagazi kwa mikono yake mwenyewe.

Saa tisa na nusu: nyumba ya asali

Nyumba ya asali ni chumba safi ambamo masega hupokelewa, hukamuliwa na asali huchujwa. Hapo ndipo watoto wenye umri zaidi ya mwaka mmoja huonja, na ndipo elimu kubwa ya alasiri ilipo. Mwenyeji aombwe aonyeshe kwanza sega lenyewe kabla ya asali iliyochujwa. Sega lililokomaa huwa limefunikwa juu kwa utando mwembamba wa nta nyeupe, na kifuniko hicho si pambo: nyuki huleta mbochi ikiwa na maji mengi, huipepea kwa mabawa ndani ya mzinga usiku na mchana, na hufunga tundu pale maji yanapokuwa yamepungua kiasi cha asali kutoweza kuharibika. Mrina asali anayejua kazi yake huacha masega yasiyofungwa, na yule mwenye pupa huyachanganya yote. Mtoto akikabidhiwa vipande viwili, kimoja kilichofungwa na kingine kilicho wazi, akavikamua kwa vidole juu ya sahani, ataona asali ya kwanza ikivutika kama uzi na ya pili ikidondoka kama maji ya miwa.

Viwango vya kimataifa vya chakula huruhusu asali ya kawaida iwe na maji yasiyozidi asilimia 20. Vikundi vyenye vifaa huipima kwa rifraktomita, kifaa kidogo kama darubini ambacho huonyesha kiasi cha maji kutokana na namna mwanga unavyopinda ukipita katika tone la asali. Kifaa hicho kikiwepo, watoto wapewe nafasi ya kuchungulia, kwa sababu namba watakayoisoma itawasaidia baadaye kuelewa pombe inatoka wapi. Asali ya Tabora inayotoka miombo huwa ya rangi ya kahawia au nyekundu iliyokolea, na mara nyingine hubeba harufu ya moshi, ambayo watu wengi huichukulia kuwa alama ya uasili. Kwa kweli harufu hiyo hutokana na namna ya kurina, kwani mrinaji anayetumia mwenge wa majani badala ya bomba la moshi huunguza sehemu ya masega na nyuki wenyewe, na soko la nje huiona harufu hiyo kuwa kasoro.

Mahali penye nyuki wadogo, huo ndio wakati wa kuwatazama. Hawa ni nyuki wa ukubwa wa nzi mdogo wa matunda au kuzidi kidogo, wasio na mwiba unaoweza kuuma, wanaoishi ndani ya gogo linaloning'inizwa ukutani au chini ya ukingo wa paa, na mlango wao ni kijibomba cha nta kinachochomoza kama mdomo wa birika. Ndani hawajengi masega ya kuhifadhia asali, bali vijungu vya mviringo vya nta iliyochanganywa na utomvu wa miti, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa punje ya njegere au zaidi. Asali yao ni nyepesi, ina uchachu kidogo, na huuzwa kwa bei ya juu kuliko ya nyuki wakubwa kwa sababu hupatikana kwa kiasi kidogo na watu wengi huitumia kama dawa. Wepesi wake una maana nyingine: ina maji mengi, na ikiachwa penye joto huanza kuchachuka yenyewe.

Saa kumi na moja: manzuki na mizinga

Tabora iko magharibi mwa nchi ilhali saa zake ni zilezile za pwani, hivyo jua huzama karibu na saa moja usiku, na saa kumi na moja jioni bado ni mapema. Saa hiyo joto huwa limepungua na nyuki huanza kutulia, na manzuki hufaa kutembelewa na watu wazima na vijana waliovaa kinga kamili, huku watoto wadogo wakibaki na mtu mzima mmoja kwenye gari lililofungwa vioo au nyumbani kwa mwenyeji. Manzuki lazima itembelewe kabla ya kinywaji chochote, kwa kuwa wafugaji husema harufu ya pombe huwakasirisha nyuki, na mtu aliyekunywa hatulii anapopaswa kutulia.

Mizinga ya kuangaliwa ni ya aina tatu. Mzinga wa gogo huchongwa kutoka katika shina, mara nyingi la mninga, kisha hupasuliwa na kutobolewa ndani. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kulichuna gome la mti mzima kwa mzunguko, kama mtu anavyovua mkono wa shati, kisha likashonwa kwa vijiti na kuzibwa pande mbili. Mzinga wa kisasa ni sanduku la mbao lenye vibao juu, ambavyo nyuki huning'iniza masega yao, na mfugaji huweza kutoa kimoja kimoja bila kuvunja vingine. Mti uliochunwa gome kwa mzunguko hufa, kwa sababu chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini hupita katika tabaka lililo chini ya gome, na hivyo mzinga wa gome humla mama wa maua yanayoulisha. Wataalamu wa nyuki wamekuwa wakihimiza masanduku kwa sababu hiyo, ingawa mzee mwenye mizinga mia moja ya gome juu ya miti ana hoja yake pia: gome hupatikana bila fedha, na sanduku hununuliwa. Mgeni anayemsikiliza mzee huyo baada ya kumwamkia shikamoo na kuuliza habari za nyumbani atajifunza mengi kuliko yule anayeanza kwa kumkosoa.

Kanuni za usalama ni chache lakini hazina msamaha. Watu wasimame pembeni au nyuma ya mzinga, kamwe si mbele ya mlango wake. Nyuki anayezunguka asipigwe, kwa kuwa nyuki anayeuma huacha harufu inayowaita wenzake. Kundi likichafuka, watu waondoke kwa haraka hadi ndani ya nyumba au gari, wakifunika uso, wala wasijitose majini. Mwiba utolewe upesi kwa namna yoyote ile, kwa ukucha au kwa ukingo wa kadi, kwa sababu kifuko cha sumu huendelea kusukuma. Uvimbe wa mahali palipoumwa ni wa kawaida, lakini mtu anayevimba uso au ulimi, anayetokwa na vipele mwili mzima, au anayepumua kwa shida, apelekwe hospitali wakati uleule. Hospitali ya rufaa ya mkoa, ijulikanayo kwa jina la Kitete, iko mjini. Anayejua kwamba mwili wake hukataa sumu ya nyuki asifike manzuki kabisa, na alasiri yake itakuwa kamili hata akiishia nyumba ya asali.

Saa kumi na mbili: kikombe

Wanzuki ni pombe ya asali, na neno lenyewe linamtaja nyuki. Hutengenezwa kwa kuikoroga asali, au masega yaliyokwisha kukamuliwa, ndani ya maji ya vuguvugu, kuongeza hamira au masalia ya pombe iliyotangulia, na kuacha mchanganyiko mahali penye joto kwa siku chache hadi utoe povu. Hapo namba ya rifraktomita hurudi kutoa maana yake: vijidudu vya hamira vimo ndani ya asali tangu mwanzo, lakini katika asali iliyokomaa vimelala, kwa sababu sukari ni nyingi mno na maji ni machache; maji yakiongezwa huamka, hula sukari na kutoa kileo na hewa inayofanya povu. Kwa jinsi hiyo chungu kimoja kinaweza kuhudumia meza nzima. Mwenyeji akichanganya maji na asali saa hiyohiyo, akakamulia ndimu, watoto hupata kinywaji kitamu kisicho na kileo. Mchanganyiko kama huo uliowekwa siku chache kabla ndio wanzuki wa wakubwa.

Mkoa huu una mvinyo wa aina nyingine pia. Karibu na mwaka 2000 watafiti wa kilimo mseto waliokuwa na kituo Tumbi, nje kidogo ya mji wa Tabora, walifundisha vikundi vya wanawake kusindika matunda ya miombo, miongoni mwake matonga, ambayo huwa na ganda gumu la mviringo, mbula na ntalali, ili kupata juisi, jemu na mvinyo. Mgeni anayekuta chupa za namna hiyo kwa kikundi cha kina mama aulize zilitengenezwa lini na kwa tunda gani, na iwapo zina nembo ya ubora, kwa kuwa kinywaji kisicho na lebo hakimwambii mnywaji nguvu yake. Tahadhari hiyo inahusu wanzuki zaidi, kwani nguvu yake hutegemea kiasi cha asali na idadi ya siku, na utamu wake huificha. Kikombe kimoja kidogo kinyweke taratibu pamoja na chakula, kama karanga za kukaanga au viazi vitamu vya kuchemsha, na dereva asinywe kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua mtoto kuwa mtu mwenye umri chini ya miaka 18, inakataza auziwe kileo, na familia haina sababu ya kulegeza nyumbani kile ambacho sheria imekaza dukani.

Anayetaka mvinyo wa zabibu hasa ataupata kwa kuikata safari yake Dodoma, ambako njia ya misafara ilipita katika nchi kavu ya Wagogo na ambako reli ya kati na barabara kuu hupita leo. Zabibu zililetwa huko na wamisionari Wakatoliki kutoka Italia waliokuwa Bihawana, utafiti wake ukakua katika kituo cha Makutupora, kilichoipa jina zabibu nyekundu ya mahali hapo, na hali ya hewa huruhusu mavuno mawili kwa mwaka, takriban Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Familia inayosafiri Agosti inaweza kuziona zabibu Dodoma na asali Tabora katika safari moja, mradi iombe ruhusa ya kutembelea kiwanda mapema.

Kununua na kutunza

Asali inunuliwe mwisho, baada ya kuona inavyotengenezwa, na inunuliwe kwa waliokaribisha familia, kwani huo ndio ukarimu unaorudi mahali ulikotoka. Majaribio ya mtaani, kama kuchovya kibiriti ndani ya asali na kukiwasha, au kuidondosha kwenye mchanga, hayathibitishi chochote, na asali kuganda si dalili ya sukari iliyochanganywa, kwa kuwa asali halisi nyingi huganda zikikaa. Iliyoganda huwekwa ndani ya maji ya vuguvugu na kuyeyuka polepole, wala haichemshwi, kwa sababu moto mkali huua harufu yake na viambato vyake vingine. Chombo kiwe kikavu kabisa na mfuniko ukaze, kwani asali hunyonya unyevu wa hewa.

Miezi michache baadaye inaweza kutokea kwamba mfuniko haukukazwa, au kijiko chenye maji kilitumbukizwa, na povu jembamba likaonekana juu ya asali pamoja na harufu kali kidogo. Mtu asiyejua atasema asali imeoza, au kwamba muuzaji wa Tabora alikuwa tapeli, na ataimwaga. Mtoto aliyechungulia rifraktomita Tabora na kukamua masega mawili juu ya sahani atajua kwamba maji yameingia na siku zimepita, na ataipeleka chupa kwa babu yake.